Mama Ruth Brown: Sauti Iliyojenga Kampuni, Mfuko Ukabaki Mtupu



Vijana wetu wanapenda R&B, hilo halina ubishi. Pita jioni kwenye kibanda cha kuchaji simu, utasikia mwenyewe. Lakini ukiwauliza R&B ilitoka wapi, watakutajia waimbaji wa juzi juzi tu, wale wenye video. Kumbe jina lenyewe lina umri wa babu na bibi zao. Lilianza kutumika rasmi mwezi Juni 1949, pale Billboard, gazeti la biashara ya muziki huko Marekani, lilipobadilisha kichwa cha orodha yake ya santuri zilizouzwa kwa watu weusi. Kabla ya hapo orodha hiyo iliitwa kwa jina la mbari, santuri zikatengwa kama watu wenyewe walivyotengwa. Mwandishi mmoja wa gazeti hilo, Jerry Wexler, ndiye aliyependekeza jina jipya: rhythm and blues. Kwa Kiswahili chetu tungesema mdundo na majonzi, na ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Miguu inacheza huku moyo unalia.

Mwaka huohuo wa 1949, dada mmoja wa miaka 21 alisimama studio mjini New York, amejiegemeza kwenye mikongojo, akarekodi wimbo wa polepole uitwao So Long. Huyo ndiye Ruth Brown. Mwezi huu tumeamua kumwandika yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sauti yake. Ya pili ni pesa zake, na hapo ndipo wazazi mtege masikio zaidi kuliko vijana.

BINTI WA MWALIMU WA KWAYA

Alizaliwa tarehe 12 Januari 1928 huko Portsmouth, mji wa bandari katika jimbo la Virginia, akaitwa Ruth Alston Weston. Alikuwa mkubwa wa watoto saba, na ninyi mlio wazaliwa wa kwanza mnajua maana yake. Baba yake alifanya kazi bandarini, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa. Kuna nyakati watoto walipelekwa kwa bibi yao, jimbo la North Carolina, kuchuma pamba shambani.

Baba hakutaka kabisa kusikia nyimbo za dunia ndani ya nyumba yake. Kwake yeye zilikuwa nyimbo za shetani. Mjadala huo hata sisi hapa tunaufahamu: mwanakwaya akionekana ameshika gitaa kwenye arusi ya watu wa nje, Jumapili anaitwa mbele ya wazee. Basi Ruth akawa anaaga nyumbani kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, kumbe anakwenda kuwaimbia askari kwenye kumbi zao, maana vita vya pili vya dunia vilikuwa vimejaza askari ukanda ule wa pwani. Akiwa bado msichana alifika New York kwenye mashindano ya chipukizi ya ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem, akashinda. Mwaka 1945 akatoroka na mpiga tarumbeta mmoja, Jimmy Brown. Jina la Brown likabaki naye maisha yote. Bwana mwenyewe hakubaki.

Mambo hayakuwa rahisi. Alipata nafasi katika bendi kubwa ya Lucky Millinder, lakini baada ya kama mwezi mmoja hivi akafukuzwa wakiwa Washington. Kosa lake? Aliwapelekea wanamuziki wenzake vinywaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkuu wa bendi alimwongezea kwamba eti hata kuimba hajui. Akaachwa mji mgeni, bila pesa, mbali na kwao. Aliyemwokota ni mama mwingine wa muziki, Blanche Calloway, aliyewahi kuongoza bendi yake mwenyewe wakati ambapo wanawake wa kufanya hivyo walihesabika kwa vidole. Mama Blanche akamtafutia kazi ya kuimba kwenye klabu, kisha akawa meneja wake.

Pale klabuni ndipo alipomsikia mtangazaji Willis Conover. Jina hilo huenda wazee wetu wenye redio za mawimbi mafupi wanalikumbuka, kwa sababu tangu mwaka 1955 Conover alitangaza muziki wa jazi kwenye Sauti ya Amerika, akaendelea miaka mingi sana. Conover ndiye aliyewaambia wenye kampuni changa ya santuri, Atlantic, kwamba kuna binti Washington ambaye lazima wamsikie.

Kampuni hiyo ilikuwa ndogo kweli. Ilianzishwa mwaka 1947 na Ahmet Ertegun, mtoto wa balozi wa Uturuki nchini Marekani, pamoja na mwenzake Herb Abramson. Mtaji ulitokana na mkopo wa dola 10,000 kutoka kwa daktari wa meno wa familia ya Ertegun. Mnaotafuta mkopo wa kuanzisha kibanda, msidharau daktari wa meno!

Oktoba 1948, Ruth na Mama Blanche wakiwa njiani kwenda New York, ambako alitarajiwa kuimba Apollo, gari lao likapata ajali. Miguu yake ikaumia vibaya. Alikaa hospitali miezi kama tisa. Ertegun alimfuata huko huko wodini na mkataba ukawekwa sahihi akiwa kitandani. Tunaomba mkumbuke kitanda hicho. Mtu wa miaka 21, mgonjwa, mbali na wazazi, hana hela, anapewa karatasi. Wangapi kati yetu wangeuliza maswali?

NYUMBA ALIYOIJENGA RUTH

So Long ulifanya vizuri, ukaingia katika kumi bora za orodha ya R&B. Lakini bomu lenyewe lilikuja mwaka 1950: Teardrops from My Eyes, uliotungwa na Rudy Toombs. Huo ulikuwa wa haraka, wenye mapigo ya kuchezeka na saksofoni nyuma yake. Ruth mwenyewe moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo za taratibu, lakini watu walisema vingine. Wimbo ulikaa namba moja kwenye orodha ya R&B kwa wiki 11. Mwaka 1952 ukaja 5-10-15 Hours, namba moja tena. Mwaka 1953 ukaja (Mama) He Treats Your Daughter Mean, binti anamlalamikia mama yake juu ya mwanamume anayemtesa. Nao ukawa namba moja, na ukavuka hadi kwenye orodha ya wazungu, jambo ambalo kwa mwimbaji mweusi wa wakati ule halikuwa dogo. Mwaka 1954 akaongeza mbili: Oh What a Dream na Mambo Baby.

Jumla ni nyimbo tano zilizofika namba moja. Kati ya 1949 na 1955 santuri zake zilikaa kwenye orodha ya R&B kwa wiki 149 zikijumlishwa. Mwimbaji mwenzake, Frankie Laine, akambandika jina la Miss Rhythm, Bibie Mdundo.

Na kampuni je? Atlantic ilikua kwa kasi. Watu wakaanza kuiita "nyumba aliyoijenga Ruth". Msemo huo ulikuwa wa utani: uwanja mkubwa wa mpira wa besiboli mjini New York ulikwishaitwa hivyo kwa heshima ya mchezaji Babe Ruth. Hapa Ruth alikuwa mwingine, na nyumba ilikuwa ya santuri. Baadaye kampuni hiyohiyo ilikuja kuwa na Ray Charles na Aretha Franklin. Lakini aliyeweka matofali ya chini ni wachache, na huyu dada alikuwa mmoja wao.

Pesa alizoziona Ruth mkononi zilikuwa za maonyesho ya barabarani. Leo mji huu, kesho mji ule, mamia ya kilomita kwa gari. Kusini mwa Marekani wakati ule sheria zilitenganisha weusi na weupe. Kuna kumbi ambako kamba ilifungwa katikati, weusi upande huu na weupe upande ule, wote wanasikiliza sauti moja. Onyesho likiisha, mwimbaji aliyeshangiliwa hakuruhusiwa kulala hotelini wala kula mgahawani pamoja na waliomshangilia. Alilala kwa familia za watu weusi waliompokea, au ndani ya gari.

Usiku, vijana wa kizungu walisikiliza muziki huu kwa kujificha, kwenye redio kama WLAC ya Nashville, yenye kilowati 50, iliyosikika majimbo mengi. Kamba haifungi mawimbi ya redio. Lakini wafanyabiashara nao wakaona. Wimbo mweusi ukipendwa, mara nyingi ulichukuliwa ukaimbwa upya na mwimbaji mzungu, ambaye ndiye aliyepigwa kwenye redio kubwa. Oh What a Dream, kwa mfano, ulirekodiwa na Patti Page mwaka uleule wa 1954. Mtunzi wa wimbo hulipwa wimbo wake ukiimbwa na mwingine. Mwimbaji wa kwanza halipwi kitu, hata kama mtindo wote umetoka kooni mwake.

DAFTARI LA DENI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Je, mwimbaji hulipwaje?

Mkataba wa kurekodi husema mwimbaji atapata sehemu ndogo ya bei ya kila santuri inayouzwa. Sehemu hiyo inaitwa mrabaha. Ukisikia hivyo unaona ni sawa. Lakini ndani ya mkataba kuna mistari mingine. Gharama za studio, malipo ya wapiga vyombo, na pesa alizokopeshwa mwimbaji akiwa na shida, zote huandikwa kama deni lake, na deni hilo linakatwa kwenye ile sehemu yake ndogo kabla hajaona senti.

Tuseme hivi. Mama mmoja anafuma vikapu. Tajiri anamletea ukindu wa shilingi 1,000 na kumwambia, "Kikapu kitauzwa shilingi 2,000, wewe utapata 100." Kikapu kinauzwa, tajiri anapokea 2,000. Anafungua daftari: ile 100 ya mama inapunguza deni la ukindu. Deni limebaki 900. Tajiri ameshalipwa ukindu wake na faida juu yake, lakini kwenye daftari mama bado anadaiwa! Kikapu cha pili kinaletewa ukindu mwingine, deni linapanda tena. Mama huyo anaweza kufuma mpaka macho yapofuke, vikapu vikauzwa nchi nzima, na bado akawa mdeni. Na daftari linakaa kwa nani? Kwa tajiri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Ruth na kwa wengi wa wakati wake. Hatusemi Atlantic ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Karibu kampuni zote zilifanya hivyo, na zingine ziliwafanyia wanamuziki mabaya zaidi. Lakini kwa maoni yetu, desturi ya wengi haigeuzi hesabu mbovu kuwa nzuri.

Ruth alirekodi kwa Atlantic mpaka mwaka 1961, nyimbo zaidi ya 80. Wakati huo vijana walikwishageukia sauti nyingine. Ndoa zake zilikuwa zimevunjika moja baada ya nyingine, na alikuwa na watoto wawili wa kiume wa kulea. Akaishi Long Island, nje ya New York, akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akasaidia kwenye shule ya watoto wadogo, akaendesha basi la shule. Mwaka 1967 Atlantic iliuzwa kwa kampuni ya Warner Bros.-Seven Arts kwa dola milioni 17.5. Mjenzi wa nyumba alikuwa akideki sakafu za watu wengine.

Hatuiandiki hii ili tumwonee huruma. Kuendesha basi la watoto ni kazi ya heshima, na yeye mwenyewe hakuificha. Wengi wetu hapa tulikuwa walimu, mafundi, wauguzi, na leo tunafanya kile kinacholeta unga nyumbani. Kinachouma ni kwamba nyimbo zake zilikuwa bado zinauzwa wakati yeye anahesabu nauli.

KUREJEA, NA KUDAI

Katikati ya miaka ya 1970 mchekeshaji Redd Foxx, rafiki wa siku za zamani, alimvuta arudi jukwaani, akampa nafasi katika mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Polepole milango ikafunguka. Aliigiza kwenye televisheni, na mwaka 1988 akaonekana katika filamu ya Hairspray.

Katika miaka hiyo ya 1980 alikutana na wakili wa Washington, Howell Begle. Begle alikuwa mpenzi wa nyimbo zake tangu utotoni. Alimletea santuri zake za zamani ili aziwekee sahihi, santuri alizokuwa amezinunua kwa bei kubwa. Ruth akamwambia kwamba kwa santuri hizo yeye hapati kitu. Wakili akashangaa. Akachukua kesi bila kumtoza malipo.

Kampuni ilipoulizwa, daftari likasema lilelile: mama huyu ndiye anayedaiwa. Lakini safari hii kulikuwa na mtu anayejua kusoma daftari. Begle akauliza kila gharama ilitoka wapi. Akakusanya waimbaji wengine wa kizazi hicho wenye malalamiko kama hayo, na suala likaacha kuwa la mama mmoja mwenye hasira, likawa la kundi zima. Ruth akazungumza hadharani, kwenye magazeti na redio, na hata mbele ya wabunge wa Marekani. Ilichukua miaka. Simu nyingi, barua nyingi, majibu ya "tutaangalia". Ninyi mnaofuatilia mafaili mnaijua subira hiyo.

Mwaka 1988 Atlantic ikakubali. Ilifuta madeni ya daftarini ya Ruth na ya wanamuziki wengine 35 wa zama zake, na ikalipa mirabaha ya miaka 20 iliyopita. Zaidi ya hapo ikatoa karibu dola milioni 2 za kuanzisha mfuko, Rhythm and Blues Foundation, wa kuwasaidia wanamuziki wakongwe: matibabu, kodi ya nyumba, mazishi. Wengine hawakuwahi kuiona siku hiyo. Big Joe Turner, mtu wa sauti kubwa kama radi, alikwishafariki mwaka 1985.

Na kuna waliorudi kutoka mbali. LaVern Baker, naye wa Atlantic, alikwenda Vietnam miaka ya 1960 kuwatumbuiza askari, akaugua, akatibiwa Ufilipino, na akabaki huko akifanya kazi ya burudani kwenye kambi ya jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Alirudi kwao mwaka 1988. Ruth alipoondoka katika onyesho la Black and Blue la Broadway, aliyechukua nafasi yake ni huyo LaVern.

Onyesho hilo la Black and Blue lilimpa Ruth tuzo ya Tony mwaka 1989. Mwaka 1990 akapata Grammy kwa albamu ya Blues on Broadway. Mwaka 1993 akaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na mwaka 1996 akatoa kitabu cha maisha yake, akakiita Miss Rhythm. Redioni pia akatangaza vipindi vya muziki wa zamani. Alifariki tarehe 17 Novemba 2006, akiwa na miaka 78, na karibu mpaka mwisho alikuwa akiimba.

WA KUANZIA KUSIKILIZA

Vijana, nyimbo zake zipo. Mwambieni yule ndugu anayewajazia nyimbo kwenye simu awatafutie. Anzeni na So Long, mkijua kwamba anayeimba amesimama kwa mikongojo. Halafu Teardrops from My Eyes, huo mzee yeyote wa rumba atautikisia kichwa hata kama Kiingereza hakijui. Kisha (Mama) He Treats Your Daughter Mean. Hapo msisikilize maneno, sikilizeni mwisho wa neno "mama": sauti inapanda ghafla na kupasuka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa. Little Richard alikiri kwamba kamlio kake ka mwisho wa jina katika wimbo wa Lucille wa mwaka 1957 alikachukua hapo, kwa Ruth. Chukueni nyimbo hizo mbili, mzipige moja baada ya nyingine, na mtakasikia wenyewe.